Jangwa Lililo Mgongoni mwa Mlima

Mazungumzo ya leo yanaanzia Nyeri, ambako asubuhi ya mwezi wa Julai mtu huvaa sweta juu ya sweta, na yanaelekea Isiolo, ambako saa nane mchana mbuzi hugombania kivuli cha lori lililoegeshwa. Kati ya miji hii miwili pana kama kilomita 140 za lami. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, au tatu ikiwa matatu inashusha na kupakia njiani. Anayeondoka alfajiri hufika kabla jua halijawa kali, akala, akatembea, akaona, na akipenda akarudi kulala kwake.

Wapo watu wa miji ya Mlima Kenya, wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru, ambao wakipata fedha za likizo hupanda ndege hadi Dubai. Huko hutolewa nje ya jiji, hupandishwa ngamia, huketishwa hemani juu ya mazulia, hupakuliwa wali na nyama, kisha hupigwa picha. Ni starehe halali. Lakini ngamia anayekamuliwa, anayeuzwa, anayepatanwa bei mpaka sauti zikapanda, yupo upande wa pili wa mlima wanaouona kila siku, na wengi wao hawajawahi kufunga safari kwenda kumwona. Isiolo ni jirani. Ina chakula chake, historia yake na biashara yake, na inastahili mgeni aliyeikusudia. Kupitiwa na magari yaliyofunga vioo yakikimbilia mbuga ya Samburu hakuitoshi.

Matuta ya mchanga hayapo Isiolo. Anayeyataka aendelee mbele hadi Chalbi, kule Marsabit. Huku ni nyika kavu ya migunga, mawe na vumbi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,100 juu ya bahari. Kwa aliyekulia kwenye mashamba ya kahawa ya Tetu au Mathira, kule Nyeri, hilo ndilo jangwa lake la kwanza, nalo linamtosha.

Nyeri yenyewe haikosi mambo ya kutazamwa. Katika makaburi ya mji amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha maskauti, aliyefariki Januari 1941, na si mbali naye yupo Jim Corbett, yule mwindaji wa simbamarara wa India, aliyefariki 1955. Nje kidogo ya mji, mwezi Oktoba 1956, ndiko alikokamatwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Ihithe, alikozaliwa mwanamazingira Wangari Maathai, ni mwendo mfupi tu wa gari. Hayo yanahitaji siku yake. Anayekwenda Isiolo anywe chai yake kwa nduma au viazi vitamu, ashukuru, aingie garini.

Barabara inapita Kiganjo na Naro Moru, mlima ukiwa mkono wa kulia. Asubuhi ya hewa safi kilele cha Batian, chenye mita 5,199, huonekana wazi pamoja na mabaka yake ya barafu inayozidi kupungua. Kabla ya kufika Nanyuki, kando ya mto Burguret, upo mkahawa uliojengwa juu ya mti wa mugumo, na chakula chake kikuu ni trauti, samaki wa maji baridi ambao Waingereza waliwaleta na kuwapandikiza katika mito ya milima hii mwanzoni mwa karne ya 20. Ni chakula kizuri, mbega wakiruka matawini juu ya meza. Ila msafiri wa leo aweke tumbo lake akiba.

Nanyuki ni mji wa ikweta, wa reli na wa wanajeshi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa na kambi ya mateka wa Kiitaliano hapa, na mapema mwaka 1943 watatu kati yao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka ili tu waupande mlima waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera, na wote wakarudi kujisalimisha kambini. Kisa hicho kinajulikana duniani kuliko kinavyojulikana Nanyuki.

Baada ya Nanyuki, barabara hupanda kuelekea Timau. Hapa pana mashamba makubwa ya ngano, na mabanda ya plastiki ya maua na mboga yanayong'aa juani kama maji. Mbele zaidi upo ukingo wa hifadhi ya Lewa, na chini ya lami kuna njia ya ndovu. Ilichimbwa ili wanyama hao wapite kati ya msitu wa mlima na nyika ya chini bila kukanyaga barabara kuu wala kuvunja mashamba ya watu. Ndovu wa kwanza waliitumia mwanzoni mwa mwaka 2011. Madereva wengi hupita juu yake bila kujua kilichopo chini yao.

Kisha barabara ya Meru inaachwa mkono wa kulia, na gari linaanza kuteremka.

Mteremko huu peke yake unalipa nauli. Katika mwendo wa nusu saa hivi gari hushuka mamia ya mita. Mikaratusi na nyasi ndefu hubaki nyuma, madirisha ya matatu hufunguliwa moja baada ya jingine, sweta hutoka, na mbele nchi hutandazika bapa hadi macho yanapokoma, vilima vya mawe vikisimama kimoja kimoja. Siku ya hewa safi Ololokwe huonekana kwa mbali, mlima wenye kichwa kilichokatwa sawasawa. Kinachofanya nchi ibadilike hivyo ni Mlima Kenya wenyewe. Pepo za mvua hutoka Bahari ya Hindi, upande wa kusini-mashariki. Zikiupanda mlima hupoa na kumwaga maji Embu, Chuka na Chogoria. Zikishavuka kuingia kaskazini zimekwisha kukamuliwa. Isiolo hupata masalio. Mlima unaomnywesha mkulima wa Nyeri ndio huohuo unaomnyima mvua mfugaji wa Isiolo, na jambo hili ni vyema kulikumbuka kabla ya mtu wa juu kumwita mtu wa chini mvivu wa kulima.

Mji wa Isiolo ulikua kwa sababu za kiserikali na za mifugo. Wakoloni waliweka hapa kituo cha karantini cha ng'ombe waliotoka kaskazini, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakawapa makao Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliokuwa wametumika katika jeshi la Uingereza. Walikuwapo Waborana, Wasamburu na Waturkana, na Wameru wakishuka na mazao yao. Baadaye mji ukawa makao ya utawala wa eneo lote lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na lango lake pia. Kupita lango hilo kulihitaji kibali. Hata baada ya uhuru, kwa miaka mingi magari ya kwenda Marsabit na Moyale yalisubiriana kizuizini ili yaondoke kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Ndiyo maana wazee wa kaskazini walipokuwa wakishuka Nanyuki au Nairobi walisema wanakwenda Kenya.

Ipo wadi mjini inayoitwa Wabera, na Nairobi ipo barabara ya jina hilo katikati kabisa ya jiji. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya (DC) wa kwanza Mwafrika wa Isiolo. Aliuawa Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, pamoja na Chifu Haji Galma Dido, walipokuwa wakizunguka kuwashawishi watu wa kaskazini wabaki ndani ya Kenya. Mauaji hayo yalitangulia vita vya Shifta, vya wale waliotaka kaskazini ijitenge, vilivyokwenda hadi 1967, na hali ya hatari kaskazini haikuondolewa rasmi mpaka 1991. Miaka yote hiyo mtu wa Nyeri aliisikia Isiolo kupitia taarifa za habari tu, na habari zenyewe zilikuwa za bunduki. Kukawia kwake kuja kutembea hakukosi sababu.

Sasa tuingie sokoni, kwa maana ndiko kwenye uhai wa mji.

Kuanzia asubuhi, maziwa ya ngamia huingia Isiolo kutoka maboma ya nyikani, kwenye bodaboda, kwenye pikapu, juu ya mabasi, yamejazwa katika mitungi ya plastiki iliyofungwa kamba. Wanaoyapokea ni akina mama, wengi wao Wasomali. Kila mtungi hufunguliwa, hunuswa, huonjwa. Mama mwenye uzoefu hutambua maziwa yaliyoongezwa maji, yaliyokaa sana juani, au yaliyochanganywa ya jana na ya leo. Mazuri huwekwa mahali pa baridi, kisha hupakiwa kwenye basi la Nairobi ili yafike Eastleigh siku hiyohiyo. Chama cha ushirika cha Anolei, ambacho ni cha wanawake, kilijengwa juu ya biashara hii, na kimekuwa mfano unaotajwa mara nyingi wataalamu wanapozungumzia maziwa ya ngamia katika Kenya.

Biashara hii ina mantiki ya ukame ndani yake. Ng'ombe akikosa nyasi wiki chache hukauka. Ngamia hula majani ya miti na miiba, hukaa siku nyingi bila maji, kisha akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, na huendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe amekwisha kukata. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana kaskazini mwa Kenya misimu mitano mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara. Waborana na Wasamburu waliokuwa wakihesabu utajiri wao kwa ng'ombe wamekuwa wakiongeza ngamia katika mifugo yao. Kwa hiyo anayeagiza kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia Isiolo anaonja pia uamuzi ambao familia nyingi zimeufanya kwa uchungu.

Na chai yenyewe? Ni nyepesi kidogo mdomoni, ina uchumvichumvi kwa mbali, iliki na tangawizi zikiwa juu. Asiyeizoea ainywe taratibu. Yapo pia maziwa ya mgando, suusa, yaliyochachishwa katika vibuyu vilivyofukizwa kwa kuni za miti maalumu. Hayo yana moshi ndani yake na yanakata kiu kuliko soda yoyote. Tumbo geni lianze na nusu kikombe.

Chakula cha asubuhi ni anjera, mkate laini wenye matundumatundu, unaochovywa kwenye mchuzi wa nyama iliyokatwa vipande vidogo au kumiminiwa samli na sukari. Mchana ni zamu ya mbuzi. Nyama huchemshwa kwanza ikalainika, kisha huokwa au kukaangwa, ikaletwa juu ya sinia la wali wenye viungo, na pembeni huwekwa ndizi mbivu. Ndizi hiyo haikuletwa kuwa kitindamlo. Huliwa pamoja na wali, tonge moja lenye nyama, pilipili na utamu. Mtu wa Nyeri aliyezoea mukimo huanza kwa kushangaa na humaliza kwa kuomba ndizi ya pili. Maji ya kunawa huja kabla na baada, na anayekula kwa mkono hufaidi zaidi.

Tena mbuzi huyu anastahili maelezo. Nyingi ya nyama choma inayoliwa Nanyuki, Nyeri na hata Nairobi wikendi hutoka kwenye minada ya kaskazini, Isiolo ikiwa mojawapo ya masoko makuu. Nayo kabichi, viazi, nyanya na ndizi zinazouzwa soko la Isiolo huteremka kutoka Meru na Timau. Hata miraa ya Nyambene, kule Meru, hushuka kila siku na kuuzwa ikiwa bado imefungwa majani ya mgomba. Nyanda za juu na nyika hulishana hivyo mwaka baada ya mwaka. Wachuuzi wanalijua hilo na ndio maana sokoni Mmeru husikika akipatana bei kwa Kiborana, naye Msomali akijibu kwa Kimeru, kisha wote wakamalizia kwa Kiswahili.

Mgeni azingatie saa za mji. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, na mitaa ya karibu na Msikiti wa Jamia hujaa watu wa kanzu na kofia. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hazipiki mchana, na karamu huanza baada ya adhana ya Magharibi. Anayeweza kulala Isiolo usiku mmoja wa mwezi huo atakula kuliko siku nyingine yoyote, kuanzia tende na sambusa hadi uji na nyama. Salamu ni muhimu. Asalaam aleikum mbele ya duka, mama kwa mwenye maziwa, mzee kwa mwenye mifugo, kisha swali. Picha iombwe kwanza. Wauzaji wa ngamia hasa hawapendi mnyama wao apigwe picha na mtu asiye na nia ya kununua, na wana haki hiyo.

Jua likianza kupungua makali, barabara ya kaskazini ni nzuri mno kuachwa. Lami hii, inayokwenda kama kilomita 500 hadi Moyale, ilikamilika katika muongo uliopita tu. Kabla yake lori lilichukua siku kadhaa kwenye changarawe iliyopasua magurudumu. Kama kilomita 35 kutoka mjini ni Archers Post, na hapo pana hifadhi ya Buffalo Springs upande wa Isiolo na ya Samburu ng'ambo ya mto. Katika mbuga hizi wapo wanyama wanaojulikana zaidi kaskazini mwa nchi: punda milia wa Grevy mwenye milia myembamba na masikio mapana, choroa wa pembe ndefu, mbuni wa Kisomali mwenye miguu ya samawati, twiga wa mabaka yaliyopangika kama vigae, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kuchuma majani ya juu. Simba jike Elsa, aliyesifika dunia nzima kwa kitabu na filamu, alilelewa Isiolo kuanzia 1956 nyumbani kwa George Adamson, aliyekuwa mkuu wa wanyamapori wa eneo hili, na mkewe Joy. Karibu na Archers Post pia kipo kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa mwaka 1990 na wanawake wa Kisamburu waliokimbia dhuluma. Wanaishi bila wanaume na huuza shanga wanazotunga wenyewe. Kabla ya kutoka mjini, mgeni aulize hali ya usalama, kwani wizi wa mifugo haujaisha katika baadhi ya maeneo, na wenyeji hujua mapema kuliko redio.

Mto unaotenganisha hifadhi hizo ni Ewaso Ng'iro. Maji yake hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, kwenye vijito vilevile msafiri alivyovivuka asubuhi kati ya Naro Moru na Timau. Kila shamba la maua, kila bomba la kunyunyizia mboga za kupelekwa Ulaya, huchukua sehemu yake. Miezi ya kiangazi maji hupungua mpaka mto huku chini ukabaki mchanga mtupu, na wafugaji wakachimba visima ndani ya kitanda chake. Anayekuja kutoka juu anapaswa kulitazama hili kwa macho yake. Mazungumzo ya maji kati ya vyama vya watumiaji wa mto wa juu na wa chini yatakuwa na uzito mwingine pale watu wa juu watakapokuwa wamewahi kusimama kwenye mchanga huo.

Anayerudi usiku huohuo anunue nyirinyiri kabla ya kupanda gari. Nyama hukatwa, huanikwa, hukatwakatwa tena vipande vidogo kama punje za mahindi, hukaangwa hadi maji yote yaishe, kisha huhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Hukaa miezi bila jokofu. Ni chakula kilichobuniwa na watu wanaohama. Huliwa na anjera, na chai, na hata na githeri, ingawa mpishi wa Isiolo atatikisa kichwa.

Serikali nayo ina mipango juu ya mji huu. Mradi wa miundombinu wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, unaitaja Isiolo kuwa njiapanda ya barabara, reli na bomba la mafuta, na mji wa mapumziko umepangiwa Kipsing Gap, magharibi ya mji. Uwanja wa ndege ulikwisha kupanuliwa. Lakini utalii wa aina nyingine tayari unaweza kuanza kwa gharama ndogo mno: banda lenye kivuli na viti karibu na wauza maziwa, maji safi ya kunawa, majokofu ya kutosha ili mama asimwage mtungi wa jana, choo safi, na kibao kwenye barabara kuu kinachomwambia mpita njia kwamba hapa anaweza kushuka akanywa. Kaunti za Isiolo, Laikipia na Nyeri zingeweza hata kuchapisha ramani moja ya siku moja, kutoka kahawa ya Tetu hadi maziwa ya Isiolo, na kuibandika katika kila steji ya matatu. Akina mama wa maziwa waitwe kwenye kikao cha kwanza cha kuipanga, kwa sababu mgeni atakayeshuka atahudumiwa na wao.